Sarafu ya Msomaji

Mukurweini ni mji mdogo ulioko kusini mwa Nyeri, upande wa kuelekea Murang'a. Jina lake limetokana na mti uitwao mukurwe kwa Kigikuyu, na maana yake ni mahali penye mti huo. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa kahawa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mtu apitaye sokoni siku hizi huona jambo ambalo wazee wa zamani hawakuliota. Mama auzaye mboga, kijana wa bodaboda na mwanafunzi aliye likizoni, kila mmoja ana simu mkononi. Katika simu hiyo amesoma habari za asubuhi, amesikiliza mahubiri na kutazama vichekesho, wala hakumlipa aliyeyatunga hata senti moja. Ukimwuliza kwa nini hakulipa, atakujibu kwamba mambo hayo ni ya bure.

Jibu hilo linastahili kuchunguzwa. Kuandika habari ni kazi kama kazi nyingine. Mwandishi hula, hulipa nauli, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba humdai kodi. Ikiwa msomaji halipi, basi yuko mtu mwingine alipaye. Na kwa kuwa watu hawatoi fedha bila kusudi, hapana budi tuulize mtu huyo anunua nini. Ili tupate jibu lililo sawa, yatupasa turudi nyuma miaka mia moja na zaidi, tutazame jinsi wachapishaji wa nchi hii walivyowapata wasomaji wao na jinsi walivyopata riziki.

Wamisionari wa Kikatoliki wa Consolata walifika katika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, wakajenga misheni nyingi, na ile ya Gikondi katika Mukurweini ni mojawapo ya zilizo za zamani. Mwaka 1916 walianzisha gazeti la Kigikuyu lililoitwa Wathiomo Mukinyu, maana yake Rafiki wa Kweli. Gazeti hilo lilikuwa na mfadhili, yaani misheni yenyewe, na kusudi lake halikufichwa: lilitaka kufundisha dini na kuwazoeza Wakristo wapya kusoma. Tuuite huu mkoba wa kwanza wa mchapishaji, mkoba wa mfadhili. Atoaye fedha katika mkoba huu hatafuti faida ya biashara. Hutafuta watu watakaoamini analoliamini yeye.

Mkoba wa pili ulifunguliwa na Waafrika wenyewe. Mwezi wa Mei 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianza kutoa gazeti la kila mwezi lililoitwa Muigwithania, yaani mpatanishi, mtu awafanyaye watu wasikilizane. Mhariri wake alikuwa katibu wa chama, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Jomo. Gazeti hilo halikuwa na mtambo wake, bali lilipigwa chapa Nairobi katika kiwanda cha Mhindi. Wakati huo waliojua kusoma walikuwa wachache, na fedha zilikuwa chache zaidi. Hata hivyo nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Aliyejua kusoma aliketi akawasomea wasiojua, nao wakayapeleka maneno hayo mbele. Kwa sababu hiyo, mtu akitaka kujua nguvu ya magazeti ya zama zile asihesabu nakala peke yake. Na ahesabu masikio pia. Tena kurasa za Muigwithania zilijaa barua za wasomaji, na mtu aliyeona barua ya jirani yake imepigwa chapa alilihesabu gazeti kuwa mali yake. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama marufuku mwaka 1940, na gazeti likanyamaza pamoja nacho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alitokea Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Muoria alijifunza uandishi wa magazeti kwa masomo ya posta, akiwa angali kazini. Mwaka 1945 alianzisha gazeti lililoitwa Mumenyereri, maana yake mlinzi. Lilianza kutoka mara moja kwa mwezi, na kwa kuwa watu walilinunua, baadaye likawa la kila wiki. Muoria hakuwa na misheni nyuma yake wala kampuni kubwa. Alitegemea watu walionunua gazeti lake na matangazo madogo ya wafanyabiashara. Ikiwa wasomaji wangechoka naye wiki moja, wiki ya pili angekosa fedha za kumlipa mpiga chapa.

Katika Nyeri yenyewe mtu wa kukumbukwa ni Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka 1921, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri wa upande wa Tumutumu, akasoma katika shule ya Alliance. Mwaka 1946 alichapisha kitabu chake cha kwanza, kilichozungumza habari za posa na ndoa. Angalia hekima ya uchaguzi huo. Kijana wa wakati ule alikuwa na maswali mengi juu ya kuoa, na vitabu vingi alivyovipata kwa lugha yake vilikuwa vya dini au vya shule. Gakaara alimpa kitabu kidogo cha bei nafuu, kwa lugha ya mama yake, juu ya jambo lililomsumbua moyoni. Baadaye alitunga visa vya mhusika aitwaye Wa-Nduuta, ambaye mashaka na vituko vyake havikwisha. Msomaji aliyemaliza kisa kimoja alikuwa na hamu ya kingine. Kwa njia hiyo Gakaara, akifanya kazi yake katika mji wa Karatina, alipata wasomaji waliorudi kwake kwa hiari yao.

Basi tukitazama kazi za watu hawa twaona jinsi jamii ya wasomaji inavyojengwa. Mchapishaji hana budi kusema kwa lugha ambayo watu huchekea na kulilia. Hana budi kutimiza ahadi ya siku, ili msomaji ajue kwamba Jumamosi ikifika gazeti litafika. Na hana budi kumwachia msomaji nafasi ya kusema naye. Akifanya hayo, sarafu itakuja, ingawa ni ndogo; kwani haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mkoba wa msomaji hauna udhaifu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Mumenyereri na magazeti mengine ya Waafrika yakapigwa marufuku. Muoria alikuwa London wakati huo, naye akabaki huko, akafanya kazi katika treni za chini ya ardhi, na huko Uingereza ndiko alikofariki mwaka 1997. Gakaara alikamatwa mwezi ule ule wa Oktoba, akazuiliwa miaka saba hivi katika kambi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko aliandika shajara kwa siri. Shajara hiyo ilizaa kitabu kilichotolewa mwaka 1983, na mwaka 1984 kikapata Tuzo ya Noma, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Katika mambo hayo twajifunza kwamba sarafu ya msomaji humpa mwandishi uhuru mbele ya tajiri, lakini haiwezi peke yake kumkinga na mkono wa serikali.

Sasa tuutazame mkoba wa tatu, ambao ndio uliokuja kuwa mnene kuliko yote. Mwaka 1833, katika mji wa New York, mpiga chapa mmoja aitwaye Benjamin Day alianzisha gazeti lililoitwa The Sun. Magazeti mengine ya mji huo yaliuzwa senti 6. Yeye aliuza lake kwa senti 1. Wenzake walidhani atafilisika. Lakini Day alikuwa amegundua jambo: akiuza kwa bei ndogo atapata wasomaji wengi, na akiwa na wasomaji wengi, wenye maduka watamlipa ili bidhaa zao zionekane mbele ya macho hayo. Tangu siku hiyo mchapishaji alikuwa na wateja wawili. Msomaji alinunua habari, na mfanyabiashara alinunua macho ya msomaji.

Magazeti makubwa ya Kenya yaliufuata mwendo huo. Lile lililoanzishwa Mombasa na A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo baadaye lilihamia Nairobi na kuitwa East African Standard, lilitegemea matangazo ya maduka, meli na mashamba ya walowezi. Daily Nation, lililoanza kutolewa mwaka 1960 chini ya Aga Khan, lilipata vilevile sehemu kubwa ya riziki yake kwa matangazo. Halafu mwaka 2000 redio ya Kameme ilianza kutangaza kwa Kigikuyu, na nyingine zikafuata. Redio haimtozi msikilizaji hata senti. Mkulima wa Mukurweini akikamua ng'ombe alfajiri husikia habari, na baada ya habari husikia sifa za mbolea, za benki na za chakula cha mifugo. Wenye redio hizi walitumia hekima ile ile ya Gakaara juu ya lugha, lakini fedha zao zilitoka kwingine.

Mkoba wa matangazo si mwovu kwa asili yake. Umefanya gazeti liwe la bei nafuu, na umemfikishia maskini habari ambazo asingeweza kuzilipia. Lakini una hatari yake. Mtangazaji akinuna, mhariri hutetemeka. Na mtangazaji mkubwa kuliko wote huweza kuwa serikali. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya iliweka matangazo yake yote chini ya ofisi moja, na mwaka 2017 ikaagiza idara zake ziache kutangaza katika magazeti na redio za watu binafsi. Serikali haikuhitaji kupiga chapa ya mtu marufuku kama mwaka 1952; ilitosha kufunga mfuko.

Katika hali hiyo ikaja intaneti ya kasi. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea mawasiliano ya setilaiti, yaliyokuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. Mmoja wa nyaya hizo, uitwao TEAMS, ulitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mpango wake ulianzishwa wakati Waziri wa Habari na Mawasiliano alipokuwa Mutahi Kagwe, ambaye ndiye aliyekuwa Mbunge wa Mukurweini tangu mwaka 2002 hadi 2007. Hivyo mji wetu mdogo una sehemu yake katika historia hii. Kabla ya hapo, mwaka 2007, M-Pesa ilikuwa imewawezesha watu kupelekeana fedha kwa simu. Mambo haya mawili, habari zisafirizo upesi na fedha zisafirizo upesi, yaligeuza kazi ya uchapishaji.

Mara kila kijana aliweza kuwa mchapishaji. Hakuhitaji mtambo, karatasi wala lori la kusambaza. Lakini je, riziki yake yatoka wapi? Yafaa tueleze jambo hili taratibu. Msomaji afunguapo ukurasa katika simu, kabla maneno hayajatokea, hufanyika mnada. Kompyuta za watangazaji hushindana kuinunua nafasi iliyo wazi katika ukurasa huo, na mnada huo huisha kabla mtu hajapepesa jicho. Wanunuzi hawainunui nafasi kwa sababu ya makala. Wanamnunua msomaji huyo, kwa vile wanakisia umri wake, mahali alipo na vitu alivyovitafuta jana. Malipo huhesabiwa kwa kila nafasi elfu moja zilizoonekana. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilieleza kwamba mwenye tovuti alikuwa akipata asilimia 68 ya fedha za matangazo yaliyowekwa katika kurasa zake, na Google ilichukua iliyobaki. Katika YouTube mwenye video za kawaida hupata asilimia 55. Na tangu mwaka 2018, mtu aliyetaka kugawiwa fedha hizo za matangazo katika YouTube alitakiwa kwanza awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika muda wa mwaka mmoja.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme nafasi 1,000 za matangazo zauzwa kwa shilingi 100. Kijana wa Mukurweini amekwenda Nyeri, ameketi kutwa katika bunge la kaunti, akaandika kwa uangalifu jinsi fedha za barabara za Gikondi zilivyogawanywa. Makala yake yana nafasi moja ya tangazo, nayo yasomwa na watu 2,000, ambao ni wengi kwa habari ya tarafa moja. Nafasi zake zimeleta shilingi 200, na fungu lake kwa asilimia 68 ni shilingi 136. Huenda zisitoshe nauli ya kwenda Nyeri na kurudi. Jirani yake ameketi nyumbani akazua habari kwamba mwimbaji mashuhuri amefariki dunia. Uongo wake wasomwa na watu 200,000 kabla ya jua kutua, naye apata shilingi 13,600. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mnada huu kibaya chatembea upesi sana, nacho chema chabaki kibandani kikingoja mnunuzi.

Wazazi wetu wa Mukurweini wanaielewa hali hii vizuri kuliko wataalamu wengi, kwa maana wameiona katika mazao yao. Mkulima wa kahawa hupalilia, hupogoa, huchuma matunda mekundu na kuyapeleka kiwandani. Lakini bei hupangwa mbali, na kati yake na mnywaji wa kahawa wa ng'ambo wamesimama watu wengi, kila mmoja akikata fungu lake. Mchapishaji wa mtandaoni ategemeaye matangazo ni kama mkulima huyo. Hamjui mnunuzi, hajui kwa nini bei imeshuka mwezi huu, na kampuni ya ng'ambo ikibadili kanuni za kuchagua makala yapi yaonekane mbele, wasomaji wake wa jana huweza kutoweka leo. Lakini katika Mukurweini hiyo hiyo wafugaji wameunda kampuni ya maziwa ya Wakulima, nayo ni mali yao wenyewe. Hukusanya maziwa ya mwenye ng'ombe mmoja na ya mwenye ng'ombe wengi, na mfugaji aliye na malalamiko anajua mlango wa kubisha.

Je, mchapishaji naye aweza kuupata mlango wa namna hiyo? Wengine wanajaribu kuurudia mkoba wa pili, ule wa Muoria na Gakaara. Mwaka 2021 kampuni ya Nation ilianza kuwatoza wasomaji ada kwa baadhi ya makala ya tovuti yake, na ada hiyo iliweza kulipwa kwa simu. Jambo hili halikuwa jepesi. Watu waliozoea kupata kitu bure huona kulipa shilingi chache kuwa dhuluma, hata kama siku hiyo hiyo wametumia fedha nyingi zaidi kununua data za kutazama upuuzi. Tena kuna haki katika malalamiko ya maskini: habari njema zikifungiwa nyuma ya malipo, asiye na fedha ataachiwa uvumi. Zamani tatizo hilo lilitatuliwa na yule msomaji aliyeketi akawasomea wenziwe; katika zama zetu bado halijapata dawa iliyo kamili.

Sasa tunaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Yule mwanafunzi wa sokoni aliyesema habari zake ni za bure alikosea. Amelipa, ila hakulipa kwa sarafu. Amelipa kwa muda wake na kwa siri zake: mahali alipokwenda, alichokitafuta, alichokiogopa. Vitu hivyo vimeuzwa na watu asiowajua kwa watu asiowajua. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejua kwamba anacho kitu cha kulindwa.

Kwa hiyo, kijana usomaye insha hii, ujizoeze kuuliza kila usomapo: ni nani aliyemlipa mwandishi huyu, naye amenunua nini? Usiulize kwa ubishi, maana kila mkoba una haki yake na hila yake. Mfadhili amepata kusomesha watu wengi, na mtangazaji amewafikishia habari watu wengi. Lakini katika historia ya Nyeri, waandishi waliothubutu kusema yaliyo moyoni mwa watu wao walikuwa wale walioshikwa mkono na watu wao. Walipopata misukosuko, kazi yao haikusahauliwa, kwa sababu maelfu ya watu walikuwa wametoa senti zao kwa ajili yake.

Huenda sasa huna fedha za kumlipa mwandishi yeyote. Lakini unao muda, na huo pia ni mali. Utakaporudi nyumbani wakati wa likizo na kuishika simu, uangalie ni nani unayempa mali hiyo. Kama kuna mtu katika tarafa yenu aandikaye habari za kweli za barabara yenu, za zahanati yenu na za bei ya kahawa yenu, msome, na uwasomee wazee wasioyaona vizuri maandishi madogo. Na siku utakapopata mshahara wako wa kwanza, tenga shilingi chache za kumlipa.